Mbao Zilizolala Mapema

Sahla alikuwa na ugonjwa mmoja: kuota mchana. Si ugonjwa wa kupelekwa hospitali. Akishika ubao tu, macho hubaki pale na roho ikaenda zake. Huona maua ndani ya mbao kabla patasi haijagusa. Huona asumini zikifunguka, majani yakijikunja, na upepo ukipita katikati yake. Ukimwita mara ya kwanza hasikii. Ukimwita mara ya pili hutabasamu. Mara ya tatu ndipo hurudi, akakuuliza, "Umesema?"

Mumewe, Mahir, alishazoea. "Sahla kasafiri," huwaambia wateja. "Ngojeni kidogo, yuwaja."

Karakana yao ilikuwa nyuma ya nyumba ya babake Sahla, Mzee Msellem, katika mtaa wa Shela, Malindi. Paa lilikuwa la makuti. Chini palikuwa mchanga, na hewa yote ilinuka uchungu wa mbao za mwarobaini. Walitengeneza kitu kimoja tu, kitanda cha harusi. Kitanda chao kilikuwa na miguu minne ya kukereza, ile iitwayo matendegu. Kilikuwa na mbao mbili ndefu za ubavuni, ndiyo mifumbati. Na kichwani kulikuwa na ubao mpana wa nakshi. Mahir alipiga randa na kuunga. Nakshi ilikuwa kazi ya Sahla. Mzee Msellem alikuwa fundi mkubwa zamani, lakini mgongo ulimwambia basi. Sasa alikaa kitini mlangoni akipokea wateja.

Mteja akija, mzee alimwuliza swali moja kabla ya lolote.

"Mwenyewe nani?"

Mteja hutaja jina la bibi harusi. Jina likishatajwa, ndipo Mahir hutoka kwenda kutafuta mbao. Kabla ya jina, hakuna hata kijiti kilichoingia karakanani. Hiyo ilikuwa sheria ya mzee, na aliirithi kwa babake.

"Mbao isiyo na mwenyewe ina kisirani," alisema. "Humtafuta mwenyewe. Na huenda ikampata asiyetaka."

Basi karakana ile ilikuwa na kazi, lakini ukipita saa yoyote ungewakuta watu wamekaa. Mahir amejinyoosha juu ya benchi, kofia usoni. Mzee anasinzia. Sahla anaota. Nje, mbao mbichi zimeegemezwa ukutani juani, na wote watatu wanazingoja zikauke. Paka peke yake ndiye aliyekuwa na shughuli.

Mwezi wa Shaaban ukaingia. Watu wa pwani huoza watoto wao kwa haraka mwezi huo, kabla ya Ramadhani. Bi Nana wa Mambrui alikuwa ameagiza kitanda cha bintiye. Mahir alimwahidi siku arobaini na tano. Kitanda kikachukua siku hamsini na nne. Harusi ikapita, pilau ikaliwa, wageni wakarudi kwao, na fungate ya siku saba ikaisha. Kitanda kilifika siku ya tisa.

Bi Nana aliwakaribisha vizuri, kwa sababu yeye ni mtu mwenye adabu. Lakini hakutabasamu.

"Mwanangu amekaa fungate nzima juu ya godoro sakafuni," alisema. "Mawifi wameingia chumbani kutazama, wakaona godoro. Mwajua maneno ya mawifi yalivyo?"

"Tuwie radhi, Bi Nana," Sahla alisema. Alitamani ardhi impasukie.

"Radhi nimewapa. Lakini dada yangu naye ana binti wa kuoza baada ya Idi. Alitaka kuja kwenu. Nimemwambia aende dukani akanunue cha mbao za kubandika. Kibaya, lakini kipo."

Mahir akakiunga kitanda. Kilipokwisha, akakitikisa. Kikacheza. Mfumbati mmoja ulikuwa umepinda kidogo, maana mbao haikukauka sawasawa. Akachonga kipande cha ubao, akakichomeka chini ya mguu mmoja. Bi Nana alikitazama kile kipande.

Njiani kurudi, walipovuka daraja la Sabaki, Mahir alizungumza bila kumtazama mkewe.

"Sahla, nimeitwa Mombasa. Kiwanda cha samani chataka fundi. Nimewaomba wanipe mpaka Idi Kubwa."

"Na karakana?"

"Kama mpaka hapo wateja bado watukimbia, karakana ya nini? Nitakwenda."

"Na mimi?"

Mahir alimshika mkono tu. Sahla aliogopa kuliko alivyowahi kuogopa. Alijua kwamba peke yake hawezi kuunga kitanda, na babake hawezi kuinua hata nyundo. Mahir akiondoka, karakana imefungwa.

Jioni ile alikaa juu ya kitanda chao wenyewe. Kilikuwa cha chuma, cha kukunja, walichoazimwa siku ya harusi yao, na kilipiga kelele ukigeuka. Miaka minne sasa Sahla alikuwa akiota kitanda chake mwenyewe, chenye asumini kichwani. Lakini kila mara palikuwa na kazi ya mtu iliyochelewa. Wahenga walisema mfinyanzi hulia gae. Seremala naye hulala juu ya chuma.

Kesho yake alasiri, jirani yao Nyokabi, Mama Marvin, alikuja na gunia. Nyokabi alikuwa mpangaji nyumba ya pili. Alitoka Nyeri miaka kumi na miwili nyuma, na alifanya kazi kwenye bohari ya kiwanda cha chumvi upande wa Gongoni. Kila wiki alikuja kuchukua maranda ya kutandika banda la kuku wake. Maranda ni yale mabaki mepesi yanayotoka kwenye randa.

"Shikamoo, Mzee," alimwambia Msellem.

"Marahaba, mwanangu."

"Sahla, leo hakuna maranda?"

"Hakuna, Mama Marvin. Hatukupiga randa wiki nzima."

"Kwani hamna kazi?"

"Kazi tunayo. Hatuna mbao."

Nyokabi alikaa juu ya gunia lake tupu. Sahla akajikuta anamweleza kila kitu: Bi Nana, mawifi, kile kipande chini ya mguu, na Mombasa. Mahir alisikiliza kutoka kwenye benchi. Hakuitoa kofia usoni.

"Hebu niambie," Nyokabi alisema. "Kitanda kimoja ni kazi ya siku ngapi?"

"Hamsini na nne," Sahla alijibu.

"Hapana. Hizo ni siku za mteja kungoja. Mimi nimeuliza siku za kazi. Siku ambazo mkono umeshika kifaa."

Mahir akaitoa kofia. Hakuwahi kuulizwa hivyo. Nyokabi aliokota kipande cha chokaa, akasimama ukutani.

"Nitajieni siku moja moja, tangu jina hadi kitanda. Siku ya kazi tunapiga mstari. Siku ya kungoja tunachora yai."

"Siku nane nilitafuta mti," Mahir alisema. "Kupata mti, kungoja kibali, kungoja msumeno."

Nyokabi akachora mayai manane.

"Siku ishirini na nane mbao zikikauka. Wala hazikutosha. Mwarobaini wataka wiki nane."

Mayai ishirini na nane.

"Siku saba miti ya matendegu ilikuwa kwa Laban, mkereza miguu. Alikuwa na foleni ya watu. Siku mbili nimezunguka mjini kutafuta msasa na vanishi."

"Na kazi yenyewe?"

"Nakshi siku sita. Kuunga siku moja. Msasa na vanishi siku mbili."

Nyokabi akapiga mistari tisa. Kisha akarudi nyuma ili wote waone. Ukuta ulikuwa umejaa mayai, na kile kimstari cha kazi kilikuwa kifupi, pembeni kabisa. Siku tisa za mkono. Siku arobaini na tano za kungoja.

Sahla aliutazama ukuta ule, akahisi joto usoni. Miaka yote alidhani yeye ndiye mzito, kwa ile tabia yake ya kuota. Alijilaumu kila kitanda kilipochelewa.

"Nilidhani ni mimi," alisema.

"Si wewe," Nyokabi alisema. "Wala si Mahir. Mikono yenu ina mbio. Vitu ndivyo vinavyochelewa kufika mikononi. Mkijaribu kupunguza hizi siku tisa, mtaharibu nakshi. Achaneni nazo. Punguzeni mayai."

"Mbao haikauki kwa amri," Mahir alisema.

"Ni kweli. Lakini inaweza kukauka kabla mteja hajaja. Kule kiwandani kwetu mashine ikikosa beringi moja, watu mia wanakaa chini. Kazi yangu ni kuhakikisha beringi imefika kabla haijaitwa. Sasa niambieni, matendegu ya kitanda cha Bi Nana na ya kitanda kingine yanatofautiana?"

"Hapana. Ni yaleyale."

"Mifumbati?"

"Ileile. Kinachobadilika ni ubao wa kichwani. Huyu ataka asumini, yule ataka mkufu."

"Msasa na vanishi?"

"Ni zilezile mwaka mzima."

"Basi kwa nini miguu na mbao zingoje jina?"

Wote waligeuka wakamtazama mzee kitini. Mzee Msellem alikuwa macho kabisa.

"Nitawaambia kwa nini," alisema. "Marehemu babangu alitengeneza kitanda kisicho na mwenyewe. Akakichonga chote, akakipamba. Wiki haikupita, jirani akafa ghafla. Watu wakaja kukiazima, wakamlaza maiti. Tangu siku hiyo hakuna aliyekitaka. Babangu akasema basi, hapana kitanda bila jina."

Nyokabi aliinamisha kichwa. "Mzee, hilo siwezi kubishana nalo."

Kuku wa jirani walilia mbali. Sahla alikuwa ameanza kusafiri, akimwona babu yake ambaye hakumkuta, akiwa na patasi mkononi na kitanda kikubwa mbele yake. Alikiona kitanda, akaziona mbao zake, akaona ni kavu na zimenyooka. Ndipo akarudi na swali.

"Baba, mteja alipomjia babu, mbao kavu alizitoa wapi?"

"Darini," mzee alijibu upesi. "Zilikuwa juu ya boriti. Mie nilikuwa mdogo, nikipandishwa kuzigeuza. Zililala huko miezi na miezi. Babangu akisema, mbao sharti ilale yenyewe kwanza, kabla ya kumlaza mtu."

"Na hizo za darini zilikuwa za nani?"

Mzee alitazama juu, kwenye boriti za karakana, ambazo hazikuwa na kitu ila utando wa buibui.

"Hazikuwa za mtu," alisema polepole. "Zilikuwa mbao tu." Kisha akacheka, akajipiga paja. "Subhana Allah! Sheria ya marehemu nimeshika nusu, nusu nimeisahau. Alikataza nakshi bila jina. Mbao hakuzikataza."

Basi siku ile sheria ikarudi mahali pake. Mbao zilale darini bila jina. Miguu isimame rafuni bila jina. Lakini patasi isiguse ubao wa kichwani mpaka mwenyewe atajwe.

Sahla aliruka kwa furaha. "Tuweke za vitanda ishirini!"

"Pole pole!" Nyokabi alicheka. "Ukijaza karakana, mchwa watakushukuru. Pesa yenu nayo italala pamoja na hizo mbao. Hesabu hivi. Mbao zinakauka miezi miwili. Kwa miezi miwili mnapata oda ngapi?"

"Nne. Wakati mwingine tano."

"Basi weka za vitanda sita. Tano za kazi, moja ya dharura. Na siku unaposhusha za kitanda kimoja, siku hiyohiyo mwambie mpasua mbao alete nyingine. Usingoje ziishe."

Jumamosi Mahir na Sahla walikwenda Kakuyuni kwa Kahindi, mpasua mbao wao wa siku zote. Walimkuta akinoa msumeno. Sahla akamweleza habari ya mayai na mistari. Kahindi alisikiliza, akatikisa kichwa.

"Sasa mimi niseme, bai, ndugu yangu," alisema. "Miaka minne mwaja hapa mbio mbio, kama mtu afukuzwaye. Mwataka mti leo, mwataka mbao kesho. Nami nakata ule ulio karibu, uwe mzuri uwe mbaya. Mngeniambia mapema, ningetafuta iliyonyooka. Ningeomba kibali mara moja, ningekodi msumeno wa mashine mara moja, nikapasua yote."

"Mbona hukutuambia?" Mahir aliuliza.

"Mbona hamkuniuliza?"

Wote watatu wakacheka, lakini Mahir alicheka kwa haya. Wakakubaliana. Kila mwezi ukianza, Sahla atampigia Kahindi simu kumweleza harusi zinazonukia. Hata kama hakuna harusi, atapiga aseme hakuna. Kahindi naye, mvua ikiharibu njia au kibali kikichelewa, atasema mapema, asingoje kuulizwa. Kisha akawaonyesha jinsi ya kulaza mbao: vijiti vyembamba kati ya ubao na ubao, kivulini, upepo upite juu na chini.

"Jua kali huzipinda," alisema. "Nyinyi mlikuwa mkizichoma."

Laban mkereza miguu alifurahi zaidi. Alipewa miguu ishirini na minne kwa pamoja, afanye kwa nafasi yake. "Hii ndiyo kazi," alisema. "Mashine naitega mara moja tu." Na msasa, na vanishi, vikawekwa kwenye sanduku moja, na ndani ya kifuniko Sahla akaandika kila kitu na kiasi kisichofaa kupungua.

Mbao zikapandishwa darini siku chache kabla ya mwezi kuandama. Ramadhani ikaingia. Karakana ikawa kimya. Adhuhuri, Sahla alitandika mkeka chini ya boriti, akalala chali akizitazama. Mbao zikikauka hutoa sauti ndogo, tiki, kisha baada ya kitambo, tiki. Alipenda kuzisikiliza. Zilikuwa zimefunga pamoja nao, alisema moyoni, haziombi maji.

Siku moja akapitiwa na usingizi wa saumu. Akaota mbao zinashuka. Zilishuka moja moja, taratibu, zikanyoosha migongo yake. Kila ubao ulikuja mbele yake ukauliza kwa adabu, "Mwenyewe nani?" Naye alijua majibu yote. Alitaja majina ya mabibi harusi asiowajua, na kila ubao ulipopata jina ulichanua maua ukatoka nje mlangoni. Ukabaki mmoja. Ukauliza kama wenziwe. Sahla akatafuta jina, asilipate. Ubao ule haukukasirika. Ulikaa kando yake, ukangoja. Aliamka adhana ya alasiri ikilia, na machozi yamefika masikioni, wala hakujua kwa nini.

Idi ikapita. Wiki ya nne baadaye, gari lilisimama mlangoni. Akashuka Bi Nana wa Mambrui, na nyuma yake mwanamke aliyefanana naye.

"Huyu ni dada yangu," Bi Nana alisema baada ya salamu. "Sikumleta. Kajileta. Kitanda cha dukani wamwambia chatoka mbali, mpaka mwezi ujao. Na bwana harusi ni baharia, meli yake imemwita mapema. Harusi ni siku kumi na nne."

"Najua haiwezekani," dada mtu alisema. "Nimekuja kwa kukosa."

Mzee Msellem alijiweka sawa kitini. "Mwenyewe nani?"

"Rukia."

Mahir alimtazama Sahla. Sahla alitazama ukutani, pale mistari tisa ilipokuwa. Hakutaka kusema ile kesho ya mafundi, kesho isiyofika. Akahesabu siku tisa, akaongeza mbili vanishi ikauke, na moja ya dharura.

"Siku kumi na mbili," alisema.

Bi Nana aliguna. Lakini dada mtu alimshika Sahla mikono yote miwili.

Walipoondoka, Mahir alipanda darini akashusha mbao. Akaupima mmoja kwa jicho, akaupiga kwa kifundo cha kidole. Ulilia kavu. Ulikuwa umenyooka kabisa. Kabla hajashika randa, alitoa simu.

"Kahindi? Nimeshusha za kitanda kimoja. Ndiyo. Nitafutie za kingine."

Sahla akaanza asumini. Kwa siku sita alisafiri, lakini mkono ulibaki kazini. Siku ya tatu zilikuja habari kwamba Laban amefiwa na ami yake, amekwenda kwao bara, hatarudi karibuni. Walimpigia kumpa pole. Kisha Mahir akatazama rafuni, ambako matendegu yalisimama wima yakingoja. Zamani habari ile ingekuwa ndiyo mwisho wa kitanda.

Si kwamba kila kitu kilikwenda sawa. Siku ya saba Mahir alifungua kopo la gundi, akakuta imeganda. Gundi hawakuiandika ndani ya sanduku! Ilikuwa Ijumaa, duka limefungwa kwa sala, na nusu siku ikapotea, wakaifidia usiku. Nyokabi aliposikia hakumcheka sana. "Ndiyo kujifunza," alisema. "Iandike." Sahla akaiandika kwa herufi kubwa.

Siku ya kumi na moja walivuka tena daraja la Sabaki. Kitanda kilikuwa nyuma ya gari, kimefunikwa shuka. Nyumbani kwa Rukia, Mahir alikiunga mbele ya wanawake wote. Alipomaliza, Bi Nana alisogea. Alishika ubao wa kichwani kwa mikono miwili, akautikisa kwa nguvu zake zote. Akautikisa tena. Kisha akainama akachungulia chini ya mguu mmoja mmoja, akitafuta kile kipande.

"Hakichezi," alisema.

"Hakichezi, Bi Nana," Mahir alijibu.

"Na mlisema siku kumi na mbili."

"Ndiyo."

"Leo ni ya kumi na moja." Bi Nana alikaa ukingoni mwa kitanda, na kwa mara ya kwanza akatabasamu. "Nyinyi ni mafundi kweli, au mna jini?"

Wanawake wakapiga vigelegele. Rukia alikuwa akipitisha kidole juu ya asumini, moja baada ya nyingine, na Sahla alipomwona hivyo akageuza uso ukutani asionekane akilia.

Maneno ya Mambrui hayakai Mambrui. Mpaka Idi Kubwa inakaribia, wateja wanne walikuwa wamekuja, mmoja wao kutoka Marafa. Hakuna aliyengoja zaidi ya siku kumi na mbili. Ajabu ni kwamba karakana ilikuwa na kazi nyingi kuliko zamani, na bado nafasi ikapatikana. Hawakutanga tena mjini kutafuta msasa. Hawakunyoosha tena mbao zilizopinda. Maranda yalikuwa tele, na kuku wa Nyokabi walilala raha mustarehe.

Lakini Mahir hakusema lolote juu ya Mombasa, na Sahla aliogopa kuuliza. Kila jioni Mahir alibaki karakanani akisema ana kijikazi. Sahla aliwaza kwamba anapanga vifaa vyake vya safari. Usiku alilala macho, kitanda cha chuma kikilia kila alipogeuka.

Asubuhi ya Idi Kubwa, wanaume walirudi kutoka msikitini. Mahir alikuwa na kanzu nyeupe. Alimsalimia mkwewe, kisha akamwendea mkewe.

"Sahla, njoo karakanani mara moja."

"Leo Idi, Mahir. Kama ni habari ya Mombasa, nambie hapahapa."

"Mombasa niliwapigia juzi. Nimewaambia nina kazi kwangu. Njoo."

Katikati ya karakana kulikuwa na kitanda. Matendegu manne, mifumbati miwili, vyote vimepigwa msasa vikawa laini. Zilikuwa zile mbao za dharura, na tayari Kahindi alikwishaleta za kujaza nafasi yake. Kichwani hapakuwa na kitu. Ule ubao mpana ulikuwa juu ya benchi, mtupu, haujaguswa, na kando yake patasi ya Sahla imenolewa.

Mzee Msellem alikuwa amejikongoja mpaka mlangoni, akakaa kitini pake. Alitazama kitanda, akamtazama binti yake. Akauliza swali lake.

"Mwenyewe nani?"

Sahla hakusikia. Alikuwa ameshika ubao, na ndani ya ubao asumini zilikuwa zikifunguka.

"Mwenyewe nani, mwanangu?"

Akatabasamu. Mahir akamwashiria mzee aulize tena.

"Sahla. Mwenyewe nani?"

Mara ya tatu akarudi. Alitazama ubao ule uliokaa kando yake ukangoja, na safari hii jina alikuwa nalo.

"Mwenyewe ni mimi," alisema, akashika patasi.